Kabla ya Kutoa Anwani, Taja Mtandao

Juzi dada mmoja wa Busia, mfanyabiashara wa mitumba anayesoma ninayoandika hapa, alinitumia ujumbe wa sauti akiwa karibu kulia. Alikuwa ametoa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwenye soko la sarafu za kidijitali ili aziweke kwenye pochi, yaani programu ya kuzihifadhia, iliyo kwenye simu yake. Soko likamwambia muamala umekamilika, pochi ikamwonyesha sifuri. Akauliza kwenye kundi moja la Telegram. Papo hapo akajitokeza mtu aliyeweka nembo ya pochi hiyo kwenye picha yake, mpole kupita kiasi, akamwelekeza kwenye tovuti fulani aandike maneno yake 12 ya siri ya kurudishia pochi, ili pochi "iunganishwe upya".

Nilimpigia kabla sijamaliza kusikiliza. Usiandike hata neno moja, dada yangu, hela zako zipo. Na kweli zilikuwepo. USDT hupita kwenye mitandao mingi, kila mmoja na daftari lake la miamala: zake zilikuwa kwenye mtandao wa Polygon, naye alikuwa akizitafuta kwenye mtandao wa Ethereum.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu najua wengi wenu mnataka ninachokitaka mimi: kuuza nje ya mpaka na kulipwa bila kubeba mfuko wa pesa barabarani. Anayeuza hapa Arua, Uganda, kwa wateja wa Ariwara na Bunia kule Congo anaijua shida ya noti za dola. Noti ikiwa na mchaniko mdogo tu pembeni, upande wa Congo wanakurudishia. USDT haichaniki. Ndiyo maana wateja wangu wa vioo vya simu na betri walianza kuniuliza kama napokea, nami nikajifunza kabla sijawajibu ndiyo. Ninajivunia hilo. Nilikaa usiku mwingi nasoma jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, wakati wenzangu sokoni wakisema ni ndoto za vijana.

Basi nisikilizeni kisa kimoja ambacho mpaka leo kinaniuma.

Mzee mmoja wa Ariwara, mteja wangu wa siku nyingi, aliagiza mzigo mkubwa wa vioo. Nikamwandikia anwani yangu, na chini yake nikaandika waziwazi: Ethereum. Aliyetuma hela ni mwanawe. Kijana alipofika sehemu ya kuchagua mtandao akaona ada ya BNB Smart Chain ni ndogo, akachagua huo bila kumwambia baba yake wala mimi. Anwani ilikubali, kwa sababu anwani inayoanza na 0x ni ile ile kwenye Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon, Arbitrum na Base. Ni kama namba moja ya nyumba iliyopo kwenye miji mitano: barua inafika, ila inafika mji mwingine.

Siku mbili tatu zikapita. Mimi sioni kitu, wao wana ushahidi kwamba wametuma. Asubuhi moja mzee akavuka mpaka, akaja dukani na mwanawe na watu wengine wawili. Hakuniita pembeni. Alisimama mlangoni, wateja wakiwa ndani, majirani wa maduka wakitazama, akasema huyu ni mwizi, amekula hela yangu halafu anajificha nyuma ya simu. Mtu aliyekunywa chai kwangu! Nimelelewa hapa Arua, baba yangu alifanya biashara hapa, na neno hilo halijawahi kutamkwa mlangoni kwetu.

Nilimwomba kijana kitu kimoja tu, namba ya muamala, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao soko humpa mtumaji. Nikaupeleka Etherscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Ethereum, hakuna kitu. Nikaupeleka BscScan, ile ya BNB Smart Chain, na pale pale muamala ukaonekana: saa, kiasi, anwani yangu. Hela ilikuwa imefika siku ile ile. Pochi yangu haikuionyesha kwa sababu mtandao ule sikuwa nimeuwasha. Nikauwasha, nikaongeza sarafu ile kwa anwani ya mkataba wake (programu inayoiendesha sarafu hiyo kwenye mtandao) niliyoinakili kutoka BscScan, salio likatokea mbele ya macho yao wote.

Hata hapo hela ilikuwa haiwezi kusogea. Kila mtandao hutaka ada kwa sarafu yake: BNB Smart Chain hutaka BNB, Ethereum, Arbitrum na Base hutaka ETH, Polygon hutaka POL, Tron hutaka TRX. Unaweza kuwa na USDT za kununua gari ukakwama kwa kukosa ada ya shilingi mia chache. Kijana mmoja wa mjini akaniuzia BNB kidogo, nikahamisha, nikampakilia mzee mzigo wake wote. Akaondoka. Hakusema samahani. Waliosikia neno "mwizi" asubuhi ni wengi kuliko walioona salio mchana, na wapo ambao hawajarudi dukani kwangu tangu siku ile.

Kwa hiyo ninapowaambia tajeni mtandao kabla ya anwani, sirudii maneno ya vitabuni. Mwandikie mtu jina la mtandao kwanza, mwombe akurudishie jina hilo kwa mkono wake, ndipo umpe anwani. Kisha atume kiasi kidogo cha majaribio. Kikionekana, atume kilichobaki. Anayekasirikia jaribio la dola moja ana haraka ambayo wewe huna sababu ya kuibeba.

Tron ina nafuu na kero zake. Anwani yake huanza na T, kwa hiyo pochi nyingi zitakataa ukijaribu kuichanganya na ile ya 0x. Lakini kutuma USDT kwa anwani ya Tron ambayo haijawahi kushika USDT hugharimu karibu mara mbili ya kutuma kwa ile inayozishika tayari, na watu hulalamika wameibiwa ada kumbe ndivyo mtandao wenyewe unavyofanya kazi. Jueni pia kwamba USDT mnayoiona kwenye BNB Smart Chain haikutolewa na kampuni ya Tether yenyewe kama ile ya Ethereum na Tron. Ni nakala iliyofungamanishwa nayo na Binance, soko kubwa la sarafu hizi. Mimi huipokea, ila siiweki muda mrefu.

Mimi niliokoka kwa sababu pochi ilikuwa yangu na funguo, zile siri zinazoruhusu hela kutoka, zilikuwa zangu. Kama mzee angetuma kwenye anwani ya akaunti ya soko, kwa mtandao ambao soko hilo halipokei, funguo zingekuwa za soko, na ningebaki kuwaandikia watu wa huduma kwa wateja na kusubiri hisani yao. Wengine husaidia kwa malipo, wengine hawajibu.

Sasa tuje kwenye maneno. Maneno yale 12 (pochi nyingine hutoa 24) ndiyo pochi yenyewe. Simu ni dirisha tu la kuchungulia. Maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, na kutokana nayo huzaliwa funguo za mitandao yote kwa pamoja. Aliyepata maneno hachukui Ethereum akakuachia Tron. Anachukua vyote, kutoka popote duniani, bila kuigusa simu yako.

Orodha hiyo haina toleo la Kiswahili. Pochi nyingi zitakupa maneno ya Kiingereza, na hapa nimeona watu wakiumia. Mtu anaandika jinsi anavyosikia, anaruka herufi, mwaka unapita, anajaribu kurudisha pochi na inakataa. Kumbukeni hili: herufi nne za mwanzo za kila neno kwenye orodha ile hazifanani na za neno jingine lolote. Ziandikeni hizo nne kwa usahihi, kwa herufi kubwa, kwa kalamu isiyofutika, na mweke namba ya mpangilio, maana mpangilio ukivurugika funguo ni nyingine.

Na muandike kwenye karatasi. Msipige picha ya skrini. Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza juu ya kirusi walichokiita SparkCat, kilichojificha ndani ya programu zilizokuwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple, kikipekua picha za watu kutafuta maneno ya pochi. Maduka rasmi, ndugu zangu! Kwa hiyo anayejifariji kwamba picha iko kwenye simu yake mwenyewe, ajue ameiacha mezani.

Mimi niliporwa simu Kampala, karibu na Old Taxi Park, jioni, watu wakibanana. Nilirudi Arua na laini mpya na simu ya bei rahisi, nikatoa karatasi yangu, nikaandika maneno, kila kitu kikarudi. Nililala usingizi wangu wote usiku ule. Niliweza kwa sababu siku niliyofungua pochi, kabla sijaingiza hata senti, niliifuta makusudi na kuirudisha kwa karatasi ile ile ili nihakikishe karatasi inasema kweli. Fanyeni hivyo kabla ya kuweka hela. Mkirudisha kwenye programu tofauti na ya mwanzo mkaona sifuri, msipaparike: programu mbili zinaweza kuanza na anwani tofauti kutoka maneno yale yale. Rudini kwenye programu ya mwanzo muangalie huko.

Kuna wizi mwingine ambao hautaki maneno yako kabisa. Mwizi hutengeneza anwani inayofanana na ya mtu unayemlipa, mwanzo na mwisho, kisha anaipenyeza kwenye orodha yako ya miamala kwa kukutumia kiasi kidogo sana au sifuri. Wewe unanakili anwani kutoka orodha hiyo, unatazama herufi za mwanzo na za mwisho, unatuma. Mei 2024 mtu mmoja alipeleka hivyo bitcoin za Ethereum, yaani WBTC, 1,155, zilizokuwa na thamani ya takriban dola milioni 68. Mwizi baadaye alirudisha sehemu kubwa, jambo lisilotokea kwa watu wa kawaida kama sisi. Kwa hiyo anwani isinakiliwe kwenye historia ya miamala. Iombe upya, au ihifadhi kwenye daftari la anwani ndani ya pochi, na usome katikati yake pia.

Na ukimwona mtu mtandaoni anaanika maneno yake 12 akisema ana USDT kwenye Tron ila hajui kuzitoa, usiguse. Ruhusa za akaunti ile zimeshabadilishwa ili asiye na ufunguo mwingine asiweze kutoa kitu. Anasubiri utume TRX za ada kwa tamaa yako, azikombe.

Kuhusu idhini nitasema kidogo. Kila unapounganisha pochi na tovuti ya kubadilishana sarafu kisha ukabonyeza kukubali, unaweza kuwa umeruhusu mkataba wake uchote sarafu ile bila kikomo, leo na mwakani. Idhini hizo hufutika kupitia revoke.cash au ukurasa wa idhini wa Etherscan. Ila ukifuta ya Ethereum, ile ya BNB Smart Chain bado ipo. Kila mtandao hufutiwa kwake, kwa ada yake. Kwa sababu hiyo nina pochi mbili zenye maneno tofauti: ya kuunganisha huku na huku, yenye hela ndogo, na ya kuhifadhi, ambayo haijawahi kuunganishwa na tovuti yoyote.

Ninakaza hivi kwa sababu Uganda hakuna dirisha la kupeleka kilio. Oktoba 2019 Wizara ya Fedha ilisema serikali haitambui sarafu hizi kama fedha halali na anayejiingiza ajue ni kwa hatari yake. Aprili 2022 Benki Kuu ikawakataza wenye leseni za malipo kuzibadilisha kuwa mobile money, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikatupa kesi iliyopinga agizo hilo. Ukitapeliwa mobile money unaweza kukimbilia kampuni ya simu. Hela ikitoka kwenye pochi hii, haina wa kuirudisha.

Ninyi vijana mnaowafungulia wazazi pochi, nawasihi. Yule kijana wa Ariwara alikuwa na maneno ya baba yake kwenye simu yake mwenyewe, kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu. Baba hakuwahi hata kuyaona. Mkifanya hivyo mmemwekea mzazi jasho lake mfukoni mwenu, na siku mkiporwa mmeporwa wote wawili. Kaeni naye, mpeni kalamu, mwacheni aandike mwenyewe polepole, herufi nne nne. Mwacheni afute na kurudisha pochi mbele yenu. Mfundisheni kuuliza "mtandao gani?" kabla ya kumpa mtu anwani, na kama hajaweza bado, mwacheni alipe na kupokea kwa njia aliyoizoea hadi aweze.