Mlio wa vikombe umewashinda wenye vipaza sauti

Mmetuuliza wasomaji wiki hii: tangazo gani limekukaa kichwani, na kweli likakufanya ununue? Langu mimi ni vikombe vya muuza kahawa.

Wakaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua mlio huo. Alasiri, watu wameshatoka msikitini, unasikia vikombe vya kauri vikigonganishwa kwa vidole vya mkono mmoja kabla mwenyewe hajatokeza kwenye kichochoro. Mkono wa pili umebeba dele, birika lake la kahawa, na makaa yake yanawaka chini. Hasemi kahawa yake inaishinda ya fulani. Barazani watu wanasogeleana, huyu anatoa sarafu, yule anauliza kama kashata zimebaki. Mlio ule ule umeshaeleza kinachouzwa, kilipo, na kwamba kipo sasa hivi, tena saa ambayo mtu anakitamani.

Kurudiarudia nako kuna nguvu zake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionesha kuwa kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huanza kutupendeza kwa kule kukizoea tu. Nakubali. Lakini kupendeza si kununuliwa. Nyimbo za matangazo ya kampuni za simu nazijua kwa moyo tangu niko skuli, na laini niliyonunua ni ile inayoshika mtandao kwa bibi yangu kule Makunduchi. Magari ya vipaza sauti ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Yanapita Darajani na taarabu juu kabisa, sauti inapiga kelele "ofa kabambe, wahi sasa!", na likishapita gari hakuna anayeweza kukwambia duka liko wapi wala nini kimeshuka bei. Pesa ya mfanyabiashara imepotea bure.

Tazameni wauza kanga. Wanazitundika mlangoni zimekunjuliwa, jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake, lisomeke kutoka njiani. Mama anapita na kikapu chake, anasoma, anakwenda hatua mbili, anarudi kusoma tena, midomo inacheza. Ameshampata wa kumvalia. Kilichobaki ni kuuliza doti kiasi gani. Muuzaji hakumsifia rangi wala kitambaa. Amemwachia mwenyewe aingize habari zake mle ndani ya jina, na ndiyo maana hatolisahau. Sijaona wakala wa matangazo anayemheshimu mteja kiasi hicho.

Wenye maduka, nakuombeni, bei itajeni. Ramadhani ikikaribia simu zetu hujaa ujumbe wa punguzo, na mwingi hautaji hata shilingi moja. Mtu ana watoto wa kuwavisha Idi na futari ya kupanga, atatoka vipi Fuoni kwa daladala kwenda kuuliza tu? Ujumbe unaosema mchele mfuko wa kilo 25 ni kiasi gani, duka liko mkabala na nini, na linafungwa saa ngapi, huo mimi siufuti. Nawatumia na dada zangu.