Blanketi mbili juu, na mtoto bado anatetemeka hemani

SWALI: Sista, habari za kazi. Julai tulikwenda na watoto kupiga kambi Hifadhi ya Taifa Arusha, upande wa Momella. Mkubwa ana miaka 3 na nusu, mdogo alikuwa na miezi 10. Tuliondoka Moshi mchana, mkubwa akalala garini mpaka tunafika saa kumi jioni. Usiku aligoma kulala hadi saa tano, na saa nane akaamka analia baridi, wakati nilimfunika blanketi mbili nzito juu ya godoro la upepo. Mdogo tulimweka katikati yetu, naye akawa anashtuka kila saa. Jirani wa hema la pili alinishauri niwape Piriton kidogo, na mume wangu anasema safari ijayo tuingize jiko la mkaa hemani. Tunataka kurudi Desemba. Tufanyeje? – Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Salama kabisa, mama. Nianze na jiko, maana mengine yanaweza kusubiri. Jiko la mkaa lisiingie hemani, hata likiwa limekolea na halitoi moshi, hata zipu ya mlango ikiachwa wazi. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inapomkuta mtu amelala haimwamshi akaikimbia. Inamzidishia usingizi mpaka anapoteza fahamu. Makaa yaliyofunikwa na jivu, yale unayodhani yameshazimika, bado yanaitoa. Mwambie baba watoto jiko lake tunalihitaji sana, lakini nje, la kupikia uji.

Sasa hiyo baridi. Umenieleza kilichokuwa juu ya mtoto, na wazazi karibu wote hunieleza cha juu. Hapo Momella mko kwenye mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai ardhi inakuwa baridi usiku kucha. Mtoto akilala, uzito wake unabana chochote kilicho chini yake, na joto la mwili linanyonywa kuelekea ardhini. Godoro la upepo ndilo linawadanganya wengi. Ni laini, limeinuka, linaonekana kama kitanda, lakini ndani yake kuna hewa tupu inayozunguka na kupoa pamoja na ardhi. Ungemwekea blanketi ya tatu juu, bado angeamka saa nane.

Geuza hesabu. Tandika kwanza mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa, kisha godoro la sponji la inchi 2 au 3, kisha blanketi moja katika zile mbili. Ya pili ndiyo ya kumfunika mkubwa, au umtie kwenye begi la kulalia linalomwenea. Begi la mtu mzima lina nafasi kubwa mno ambayo kamwili kadogo hakawezi kuipasha joto. Kabla ya kumlaza mbadilishe nguo zote, mpaka chupi na soksi. Mtoto aliyekimbia mchana kutwa ana jasho kwenye nguo za ndani, na unyevu ule ukikutana na ubaridi wa usiku hata sweta haisaidii. Ukiwa na chupa ya maji ya moto, ivalishe soksi, iweke kitandani dakika 15 kabla, halafu uiondoe mtoto anapoingia.

Mdogo ana sheria zake, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hafai kulazwa kwenye godoro la upepo, wala katikati ya watu wazima wawili waliochoka na safari. Godoro lile linabonyea, uso unaweza kuzama. Na kati ya godoro na ukuta wa hema kuna ufa ambao mtoto anaweza kuuangukia akabanwa. Mpe sehemu yake mwenyewe, iliyo ngumu na bapa: kitanda cha kukunja cha mtoto, au sponji ngumu juu ya mkeka, karibu nawe kiasi cha kumfikia kwa mkono. Alale chali, bila mto, bila blanketi, bila khanga iliyoachwa karibu na uso. Joto alipate kwenye mavazi: fulana ya ndani, nguo ya kulalia yenye miguu, na juu yake ule mfuko wa kulalia wa watoto wachanga usio na mikono. Akilia kunyonya, mnyonyeshe, kisha umrudishe kwake. Na usipime baridi yake kwa kushika vidole. Vidole vya mtoto hupoa hata akiwa hana shida. Tia mkono kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na uvuguvugu, muache. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Kwa Desemba atakuwa ameshauvuka huo mwaka, lakini sponji yake mwenyewe ningeibakiza.

Piriton, hapana. Ni dawa ya mzio, na kusinzia ni madhara yake tu. Wapo watoto ambao badala ya kusinzia huwachangamsha, wakaruka mpaka usiku wa manane, na kwa mtoto mchanga inaweza kudhoofisha upumuaji. Porini, gizani, mbali na hospitali, sioni kwa nini mtu ajitafutie jambo la namna hiyo. Jirani yako alikuwa na nia njema, najua.

Turudi kwa mkubwa na ile saa tano. Sidhani kama alikuwa mkaidi. Alilala garini mpaka saa kumi, kwa hiyo saa mbili usiku usingizi ulikuwa haujamkaribia, na ulipomkaribia alikuta moto, hadithi na tochi. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 10 na 13 za usingizi kwa siku. Akipitwa na wakati wake huwa hatulii. Huchachamaa, na hapo ndipo wazazi husema “huyu hana usingizi kabisa”. Ondokeni Moshi asubuhi ili alale garini kabla ya mchana. Mkifika, hema lisimame kabla ya kitu kingine chochote, acheni viatu mlangoni, naye aingie acheze ndani wakati kungali na mwanga. Mkiwa Momella mlima Meru uko upande wa machweo, kwa hiyo jua linajificha nyuma yake mapema na baridi inaanza kabla ya giza. Usingoje giza likuambie. Saa kumi na mbili awe anakula, saa moja na nusu awe amelala. Na asinywe chai jioni, hata ya maziwa, maana majani ya chai yana kafeini. Mpe uji au maziwa matupu.

Shuka lake la nyumbani beba lile alilolilalia wiki nzima, usilifue. Harufu ile inafanya kazi kuliko wimbo wowote. Na kabla ya safari simamisheni hema uani, au hata sebuleni, walale humo usiku mmoja. Mtaona yote mliyosahau mkiwa bado hatua kumi kutoka kabatini.

Halafu kuna kelele. Misitu ile ina perere, mnyama mdogo kama pimbi anayeishi mitini, na usiku hulia kama mlango mbovu unaofunguliwa taratibu, kisha anapiga ukelele. Mwanangu wa kwanza aliusikia akiwa na miaka 4, akanishika mkono akauliza, “Mama, nani amebanwa na mlango?” Nilimwambia ni mnyama mdogo kiasi cha kupakatwa, anamwita mwenzake. Akaniuliza anamwita jina gani. Nikataja jina, akalala. Tangu hapo watoto huwa nawasimulia sauti mchana, kabla hawajazisikia: perere usiku, fisi kwa mbali, na mbega alfajiri, ambao huunguruma kabla hakujapambazuka vizuri. Huyo wa alfajiri humwezi. Atawaamsha, na ndiyo sababu nyingine ya kuwalaza mapema.

Desemba baridi itakuwa imepungua, lakini mvua za vuli zinaweza kuwakuta, na mbu pia. Tungikeni chandarua chenye dawa ndani ya hema juu ya mdogo. Dawa ya mbu ya kupaka wapakeni nyinyi wenyewe, isiguse viganja wala karibu na macho. Matundu ya hewa ya juu ya hema msiyafunge kwa kuogopa baridi. Pumzi za watu wanne zikikosa pa kutokea hugeuka maji ukutani, na blanketi zinalowa kabla ya asubuhi.

Na bebeni poti. Nyati wa Momella hutembea usiku, na mkubwa akibanwa na mkojo saa tisa hutaki kumsindikiza chooni.