Wasomaji Wanauliza: Mataji 10 ya John Wooden yana uzito gani?

SWALI: Ukizuka ubishi kuhusu makocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, John Wooden wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) ndiye huwekwa juu kwa mataji yake 10. Rafiki yangu anadai enzi hizo mashindano yalikuwa mepesi. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako ana hoja, ila ameishika nusu. Wooden alipotwaa taji la kwanza mwaka 1964, mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, yalikuwa na timu 25 tu na UCLA ilishinda mechi 4 kuwa bingwa. Siku hizi ziko timu 68, na bingwa hushinda mechi 6 mfululizo au zaidi. Tena timu zilipangwa kwa kanda, hivyo UCLA ilimalizana kwanza na wenzake wa magharibi huku vigogo wa mashariki wakitoana wao kwa wao. Hiyo ilikuwa nafuu, hakuna ubishi.

Nusu ya pili ndiyo husahauliwa. Hadi 1974 kila ligi ilipeleka bingwa wake peke yake. Ukiteleza kwenye ligi yako, msimu umekwisha. Pia, kabla ya msimu wa 1972–73, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu ya chuo. Lew Alcindor, ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar, aliichezea UCLA misimu 3 tu. Katika misimu hiyo timu ilishinda mechi 88 na kupoteza 2, kisha akaondoka, na kocha akalazimika kusuka kikosi upya. Watu husema Wooden alibebwa na majitu mawili, Alcindor na Bill Walton. Hesabu basi: mataji ya 1964, 1965, 1970, 1971 na 1975 yalipatikana bila hata mmoja wao. Hayo ni 5 kati ya 10. Kwetu sisi, hilo lina uzito kuliko hata mataji 7 mfululizo ya 1967 hadi 1973.

Na hakuanza na neema. Alifika UCLA mwaka 1948. Taji la kwanza lilikuja katika msimu wake wa 16.

SWALI: Kikosi cha 1964 hakikuwa na warefu. Kilishindaje mechi zote 30?

JIBU: Kweli, hakuna aliyeanza mechi akizidi mita 1.96. Silaha yao ilikuwa kubana uwanja mzima kwa mpango wa 2-2-1: wawili mbele karibu na anayeingiza mpira, wawili katikati, mmoja nyuma. Wawili wa mbele hawakukimbilia kupora. Kazi yao ilikuwa kuziba katikati na kumsukumia mwenye mpira pembeni, ambako mstari wa uwanja unakuwa mlinzi wa ziada. Akifika hapo, mtu wa pili anamfungia. Sekunde 10 za kuvuka nusu ya uwanja zinayoyoma, naye hubaki na pasi ndefu ya juu inayoelea. Pasi hiyo ndiyo aliyoisubiri Keith Erickson, mtu wa nyuma, mchezaji wa voliboli aliyejua kuruka kwa wakati.

Duke walikuja fainali na wachezaji wawili wa takriban mita 2.08. Kipindi cha kwanza UCLA ilifunga pointi 16 bila jibu katika muda usiofika dakika 3, ikamaliza kwa 98–83.

Makocha wengi wanaouiga mpango huu hukwama sehemu moja: mlinzi wa mbele anaruhusu pasi moja ya katikati. Mpira ukishika katikati, walinzi wanne wameachwa nyuma na yule wa mwisho anakabiliwa na wapinzani wawili au watatu peke yake.

SWALI: Nimesikia Wooden alifundisha watu wazima kuvaa soksi. Ni mzaha?

JIBU: Si mzaha, na ilikuwa siku ya kwanza ya mazoezi. Soksi inavutwa hadi mwisho, kisha unaipapasa kwenye kidole kidogo na kisigino mpaka usikute mkunjo. Unaishikilia juu wakati mguu unaingia kwenye kiatu, unakaza kamba tundu kwa tundu, unafunga fundo mara mbili. Mkunjo ukisuguana na ngozi huleta lengelenge, na lengelenge linamkosesha mtu mazoezi. Kiatu kikubwa nacho hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa mguu unateleza ndani.

SWALI: Mbona idadi ya ushindi wa kocha mmoja hutofautiana kila ninaposoma?

JIBU: Sababu ni mbili. Kwanza, wengine huhesabu chuo kimoja: Wooden ana ushindi 620 na vipigo 147 akiwa UCLA, bila misimu miwili ya Indiana State. Mike Krzyzewski, kocha wa zamani wa Duke, ana 1,202, lakini humo mna 73 za Army, chuo cha kijeshi alikoanzia kabla ya Duke. Pili, NCAA hufuta ushindi ikibaini kanuni zilivunjwa. Jim Boeheim wa Syracuse alipoteza 101, na Louisville ilivuliwa taji la 2013. Vilevile wanaume na wanawake wana vitabu tofauti vya rekodi. Ule mfululizo wa UCLA wa mechi 88, uliokatwa na Notre Dame 71–70 Januari 1974, bado ni rekodi ya wanaume. Wanawake wa Connecticut chini ya Geno Auriemma waliupita mwaka 2010, kisha katika mfululizo mwingine wakafika 111.