Unalipa deni na dharura haziishi? Tenga kwanza pesa ya dharura, deni liendelee kidogo kidogo

Mdogo wangu nimekusoma. Una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, una deni la duka hapo mtaani, una pesa za wifi yako, na kila ukisema mwezi huu nimalize la wifi linazuka jambo unarudi kukopa, mara mtoto kaumwa mara pampu ya maji imeungua. Unauliza ulipe yote kwanza ndo uweke akiba au uweke huku unalipa.

Mie nakwambia anza na pesa ndogo ya dharura. Wala usiiite akiba, maana akiba mtu hukaa akaifikiria makochi. Mpaka itimie, deni lilipwe kidogo kidogo. Najua watakuja wenye kusema deni ni amana lilipwe mwanzo, na kweli ni amana, lakini mtu anaetoa shilingi yake ya mwisho kulipa deni kisha wiki inayofata anakopa kwengine kwa ajili ya dawa hajapunguza kitu, kalitoa deni kwa wifi kalipeleka kwa mtu mwengine, na mara nyingi huyo wa pili ndo mkali zaidi.

Sie tuko Chake Chake, Pemba, mie mwalimu, mume wangu seremala. Madeni yetu yaliingia baba mkwe alipopelekwa Unguja kutibiwa. Watu wanasema hospitali ya serikali haina gharama, sawa, lakini kuna boti ya mgonjwa na wa kumuuguza, kuna kula ya wanaolala nae, kuna dawa unaambiwa kanunue nje, kuna gari ya kwenda na kurudi, na nyumbani huku watoto wanataka kula vilevile na fundi hayupo kwenye karakana yake kwa hiyo hakiingii kitu. Alhamdulillahi mzee yupo. Kwa hiyo ninaposema dharura nazungumza kitu nnachokijua.

Sasa uweke kiasi gani? Huko kwenye mitandao wanakwambia mishahara ya miezi 6, kwa mwenye deni hiyo ni ndoto anakata tamaa hata hajaanza. Weye piga hesabu ya usiku mmoja mbaya wa hapa kwetu: gari ya kukodi usiku mpaka hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, tiketi za boti za watu wawili kwenda Unguja, na kula ya siku chache. Hapo ndo kiwango chako, sie ilitutosha laki mbili na nusu, mkiwa na mtu mzima anaeumwa mara kwa mara iwe zaidi. Ikitumika unasimamisha kwanza ziada unayolipa kwenye madeni, unaijaza tena, kisha unaendelea. Na isikae kwenye laini ya simu unayonunulia umeme na vocha, itakwisha bila kuugua mtu.

Kama mtaani kwenu kuna kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopeshana, ingia, lakini uliza mwanzo mkopo wao unarudishwaje, kama una riba ujue mapema. Hivi vikundi vina sanduku la kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, pesa haitoki mpaka mkutane. Kilichonivutia mie ni ule mfuko wa jamii, kila mkikutana mnatia kidogo pembeni ya hisa, mtu akifiwa au akiuguliwa anasaidiwa kutoka humo. Kwa mtu mwenye deni huo ni muhimu kuliko hata hisa zenyewe.

Halafu mdogo wangu, nusu ya unazoziita dharura si dharura. Skuli zinafungua Januari kila mwaka, yunifomu na madaftari hayajawahi kuja ghafla. Masika inakuja Machi, bati linalovuja ulilijua tangu vuli. Na hili la Ramadhani watu hawalipigii hesabu kabisa: mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, 2026 umeingia Februari, 2028 utaingia mwishoni mwa Januari, na 2030 tukijaaliwa uhai tutafunga mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Yaani miaka hii tuliyonayo yunifomu, futari na nguo za Idi vyote vinaangukia pamoja ndani ya miezi mitatu, na mshahara ni uleule. Sie tumechukua karatasi tumeandika mambo ya mwaka mzima na mwezi wake, tukajumlisha tukagawa kwa 12, hicho kinatolewa siku ya mshahara kabla ya polo la mchele. Kwa mume wangu asiye na mshahara ni tofauti, kazi zake zinachanganya msimu wa karafuu maana ndo watu wanapata pesa ya milango na vitanda, basi tunakubaliana mapema kuwa pesa ya msimu ndo itanunua yunifomu, isije ikaonekana kama ni pesa ya ziada.

Harusi nako. Hapa kwetu hatuwezi kukaa mbali na watu na wala sitaki ukae mbali. Mie nina fungu la mambo ya watu kila mwezi, likisha limekwisha. Msibani naenda mapema, napika, naosha vyombo mpaka hitma iishe, na hilo halihitaji kukopa. Sare nimeacha. Nimewambia ndugu zangu wazi wazi, nina deni, ntakuja kwenye harusi na ntacheza lakini kwa nguo nnayo, na wallahi hakuna alienikatia undugu, kuna na wawili walionifata wakanambia afadhali umesema weye.

Madeni yenyewe sasa. La benki linakatwa lenyewe, liache liende, ila wakikupigia simu kwamba unaweza kuongezewa juu ya lile ukatae, hiyo topap inakurudisha mwanzo wa safari. Kama una mikopo ya kwenye simu au hii wanayoiita kausha damu, hiyo ndo ya kumaliza mwanzo hata kabla ya wifi, gharama yake inapanda haraka na wengine wanakuja kubeba friji. Mie niliuza bangili moja nikaondoa deni la mbao za mume wangu, sikuiweka rahani, maana rahani nayo ni deni jengine. Duka, nenda ukakae na mwenyewe mfungue daftari mkubaliane kwamba vya leo unanunua kwa taslimu na vya zamani unapunguza kila mwezi kiasi mlichokubaliana. Wengi wanakubali, wanaemchukia ni mteja anaebadilisha njia.

Andika kila deni na mumeo aione hiyo karatasi, Surat Baqara aya ya 282 imetuamrisha kuandika, na ile ya 280 imemwambia mdai ampe muda aliyekwama, basi usione haya kuomba muda. Deni linatolewa kwenye mali ya maiti kabla ya kurithiwa, kwa hiyo watu wako lazima wayajue. Na ikiwa umekwama kweli kweli, wenye madeni wametajwa kwenye Surat Tawba aya ya 60 kuwa wanastahiki zaka, zungumza na sheikh wa mtaani au nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ukaulize utaratibu.

Wifi mpelekee hata elfu kumi kila mwezi, tarehe ileile, kwa mkono wako, ukiikosa tarehe mwambie kabla hajakuuliza. Mwenye kuona pesa inarudi hata kidogo hapigi simu za usiku. Na mchezo wenu wa kupeana pesa kwa zamu kama unaanza mfungo mosi, yaani Shawwal, usigombanie namba ya kwanza, omba ya Rajabu au Shaabani, ikufikie futari haijaanza kununuliwa.