Mwanafunzi wako ameongea dakika ngapi leo?

Nafundisha Kingereza jioni hapa Sinza, watu wazima, wengi wanajiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kingereza, na wachache OET, mtihani wa Kingereza wa watu wa afya, kwa sababu ni manesi. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu watu wakishatoka kazini, mwingine anafika kachoka mpaka unamuonea huruma, katoka Posta kasimama kwenye mwendokasi hadi Shekilango halafu kachukua bajaji. Mtu wa hivyo kalipa hela yake na kaleta muda wake, na mimi miaka kama miwili ya mwanzo nilikuwa nampa kitu kidogo sana bila kujua.

Nilijua siku niliporekodi kipindi changu kizima. Simu niliiweka tu juu ya meza, nia yangu ilikuwa nisikie wanafunzi wanakosea wapi ili niandae somo la wiki inayofuata. Darasa la watu 12, saa moja na nusu. Usiku nasikiliza nyumbani, sauti inayosikika muda wote ni yangu. Mimi naeleza, mimi nauliza, mwanafunzi anajibu sentensi mbili, namsahihisha, naeleza kwa nini nimemsahihisha, natoa mfano, nahamia kwa mwingine. Nikachukua karatasi nikaanza kuhesabu kila mtu kaongea muda gani. Aliyeongea sana alikuwa na dakika tatu na kidogo, na kuna kaka mmoja mpole anakaa nyuma karibu na dirisha, yeye alikuwa na sekunde 40. Sekunde 40 ndani ya dakika 90, na hilo darasa tulikuwa tunaliita darasa la kuongea! Sikulala vizuri siku ile.

Kwa ambaye hajui, kwenye IELTS sehemu ya kuongea ni wewe na mtahini mmoja, dakika 11 mpaka 14, na mazungumzo yanarekodiwa. Anaanza na maswali ya kawaida, unakaa wapi, kazi yako, unapenda kufanya nini wikiendi, dakika nne tano hivi. Halafu anakupa kadi yenye mada, unapata dakika moja ya kujiandaa na karatasi na penseli, baada ya hapo unaongea peke yako dakika moja mpaka mbili. Mwisho mnajadiliana maswali mazito zaidi kuhusu ileile mada, dakika nne tano tena. Sasa fikiria mtu aliyezoea kuongea sekunde 40 jioni nzima, siku ya mtihani anaambiwa ajaze dakika mbili peke yake mbele ya mtu asiyemjua. Dakika mbili ni ndefu jamani, weka taima ujaribu hapohapo ulipo. Na kuna watu maisha yao yamesimama kwenye hiyo alama, nesi anayetaka kusajiliwa Uingereza kwa njia ya IELTS, baraza la wauguzi la kule, NMC, linataka bendi 7, yaani alama 7 kati ya 9, kwenye kuongea, haijalishi ana miaka mingapi wodini.

Na wanafunzi wetu wana mzigo wao kabla hata hawajaingia darasani kwangu. Wengi wamesoma shule za serikali, miaka saba Kiswahili, halafu fomu wani ghafla kila kitu Kingereza, mwalimu anaandika ubaoni we unanakili. Kuna shule ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, na ukijaribu huo Kingereza ukakosea darasa zima linakucheka. Kwa hiyo mtu anajifunza kunyamaza, anakuwa mtaalamu wa kunyamaza. Anakuja kwangu ana miaka 34, tensi zote anazijua kwenye karatasi, ukimwambia ongea anaangalia chini anaanza kuumauma maneno. Kingereza anacho, ila mdomo haujawahi kupewa nafasi ya kufanya kazi. Huyo hahitaji umwelezee tena present perfect, anahitaji dakika za kuongea, nyingi, kila kipindi, mahali ambapo hachekwi.

Basi nikabadilisha darasa. Viti nikavipanga mistari miwili inayotazamana, sita huku sita huku. Mstari mmoja unaongea, mwingine unasikiliza tu. Raundi ya kwanza unasimulia stori yako dakika nne, wale wasikilizaji wanasogea kiti kimoja, unasimulia stori ileile kwa mtu mpya dakika tatu, wanasogea tena, unasimulia dakika mbili. Halafu mnabadilishana, waliosikiliza nao waongee. Mbinu hii siyo yangu, Paul Nation wa New Zealand aliandika kuihusu tangu 1989, na walimu wengi duniani wanaitumia. Inafanya kazi kwa sababu nyepesi tu, mara ya kwanza kichwa kinatafuta nini cha kusema na namna ya kukisema kwa wakati mmoja, mara ya tatu cha kusema kipo tayari, nguvu yote inaenda kwenye lugha. Piga hesabu, kila mtu dakika tisa za kuongea na zoezi zima halifiki nusu saa.

Kelele zipo, tena nyingi, watu sita wanaongea kwa pamoja kwenye chumba kidogo. Wiki ya kwanza fundi cherehani wa chini alipanda kuuliza kuna ugomvi gani. Zizoeeni tu.

Nitoe mfano wa dada mmoja, nesi. Mada ilikuwa safari ambayo haikwenda ulivyopanga. Kwa Kingereza akasema ilinyesha mvua, kulikuwa na maji, nikachelewa kazini, kanyamaza. Sekunde kama 20. Nikamwambia haya dada, nisimulie kwa Kiswahili kama unamsimulia mwenzio wodini. Wee! Akaanza na Jangwani pale maji yalivyojaa, basi limesimama, maji yanapanda ngazi ya mlango, dereva kazima injini kakaa kimya kama yuko msibani, mama mmoja kavua viatu kavikumbatia kifuani, nje kijana anabeba watu mgongoni kwa buku, na yeye dada kavaa yunifomu nyeupe anawaza zamu yake inaanza saa moja na nusu. Mikono inaongea, macho yanaongea, darasa zima limetulia linamsikiliza.

Hapo ndipo nilipoelewa tatizo lingine. Wanafunzi wakisikia Kingereza wanaenda kutafuta maisha ya mtu mwingine, wanasema wanapenda kusoma riwaya na kutembelea makumbusho kwa sababu kwenye kitabu cha mazoezi mtu wa mfano anapenda hivyo, wakati wao wenyewe wana Jangwani. Nikamwambia hayo hayo uliyosema, hata kama neno huna zunguka, usiache yule mama wa viatu. Raundi ya kwanza alikwama kwama, ya pili ikatiririka kidogo, ya tatu nilikuwa nimesimama nyuma yake nikasikia "and there was a young man carrying people on his back, one thousand shillings each" na mwenzake anamuuliza kwa hamu, "and you, did you pay?" Makosa yalikuwepo, ila ilikuwa stori ya mtu mzima mwenye akili zake, na mtahini anachotafuta ni huyo mtu.

Ile dakika moja ya kujiandaa nayo wengi wanaipoteza kwa kuandika sentensi nzima, dakika inaisha ana sentensi moja na nusu. Andika maneno matano sita basi. Maji, dereva, viatu, kijana, zamu. Hata kwa Kiswahili, hiyo karatasi haisahihishwi, ni ya kukukumbusha wewe tu.

Kusahihisha. Hapa najua walimu wenzangu tutabishana, ila mimi nimeacha kabisa kumkatiza mtu katikati ya stori. Ukimkatiza mara mbili, mara ya tatu anaongea sentensi fupi fupi salama ili usimguse, na mtihani unapima mtu anavyotiririka pia. Vigezo viko vinne, mtiririko na mpangilio wa mawazo, msamiati, sarufi, matamshi, na vyote vina uzito sawa, sasa kwa nini darasani tupigane na sarufi tu? Natembea na daftari, nayaandika ninayoyasikia, dakika kumi za mwisho naandika sentensi sita ubaoni bila kusema nani kasema, wanazirekebisha wenyewe kwa pea. Wiki nyingi "my mother, he" inakuwemo. Nawaambia siyo ujinga huo, sisi kwenye Kiswahili baba anakuja na mama anakuja, yeye ni yeye, kichwa hakijazoea kuchagua. Dawa yake ni kusimulia habari za mama, shangazi, dada, wiki mbili mfululizo mpaka "she" itoke yenyewe.

Kingine wanachoingiza bila kujua ni "nini". "I went to the, nini, the market." Na "yaani". Unakuta mtu Kingereza chake kizuri tu ila kila akikwama Kiswahili kinaruka. Nawapa vya kushikia badala yake, "let me think", "how can I put it", tunavifanyia mazoezi mpaka vinazoeleka, na havitakiwi kila sentensi, navyo vikizidi vinachosha.

Matamshi sitakaa sana. Lafudhi yako ya Dar haikukoseshi alama, kinachoangaliwa ni kama unaeleweka bila mtu kuhangaika. Na tuna bahati, "th" tunayo kwenye thamani na "dh" tunayo kwenye dhahabu, wenzetu wa lugha nyingine wanalilia hizo sauti. Shida yetu kubwa ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, kwa hiyo mtu anasema comforTAble na phoTOgraph, mkazo unatakiwa ukae mwanzoni kabisa, COMfortable, PHOtograph. Tunapiga makofi kwenye silabi yenye mkazo, watu wazima wenye tai wanapiga makofi na inasaidia.

Kukariri majibu, hapana. Kuna mafaili yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, majibu tayari ya bendi 8, wanafunzi wananunua kabisa. Mtahini amefundishwa kuyatambua, sauti inabadilika, macho yanakuwa kama ya mtu anayesoma ukutani, naye anabadilisha swali tu. Umebaki mtupu. Na akikukatiza usitetemeke, mara nyingi ni muda umeisha, anatakiwa aende na saa. Hujasikia swali, muombe arudie, siyo dhambi.

Nisisahau hili. Jioni moja umeme ulikatika katikati ya raundi, giza totoro, nikategemea watanyamaza. Wakaendelea! Tena yule kaka wa dirishani nikasikia sauti yake imepanda kuliko siku zote, anasimulia jinsi babu yake alivyomfundisha kuvua samaki Mafia. Umeme ulivyorudi sauti ikashuka. Nikamuuliza baadaye, akaniambia kwenye giza haoni mtu akimwangalia mdomo. Tangu siku hiyo raundi moja kila wiki tunageuza viti, watu wanakaa mgongo kwa mgongo kama wanaongea kwenye simu. Nilianza naye hivyo, mgongo, mwezi mzima, kisha ubavu, kisha tukamgeuza amtazame mwenzake. Kama una mtu mwenye aibu darasani kwako tafadhali jaribu hili kabla hujamwita mkaidi.

Kwa wanaosoma peke yao, tafuta mtu mmoja tu anayejiandaa kama wewe, mpigiane usiku bando likiwa nafuu, dakika kumi. Ukimkosa jirekodi. Chagua mada, ongea dakika mbili, halafu kaa chini uandike neno kwa neno ulichosema, pamoja na kila "aaa", usijirekebishe wakati unaandika. Inachukua muda na inauma kidogo, lakini utayaona makosa yako kwa macho yako, shika kalamu nyekundu uyapitie, kisha rekodi tena mada ileile. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anafanya hivi kwenye pantoni akivuka Kigamboni kila asubuhi, earphone masikioni, watu wanadhani anaongea na bosi.

Mimi bado narekodi kipindi kimoja kila mwezi na bado nahesabu dakika kwenye karatasi. Mwezi uliopita aliyeongea kidogo zaidi alikuwa na dakika 14. Mimi mwenyewe nilikuwa na 22, bado ni nyingi, nataka zishuke. Jumanne mada ni mtu aliyekufundisha kazi, viti nitavipanga mapema.