Maswali ya Wasomaji: Harrier, X-Trail, CX-5 au Forester kwa familia?

Barua za toleo hili karibu zote zinauliza jambo moja: familia imekua, gari dogo halitoshi tena, na akiba iliyopo inatosha kuagiza SUV ya ukubwa wa kati kutoka Japani. Waagize ipi? Tunaanza na barua yenye mambo mengi.

SWALI: Nina mke na watoto wanne, mkubwa ana miaka 14 na mdogo miaka 3. Tunaishi Mbeya, na mara mbili kwa mwaka tunashuka Dar es Salaam kwa wazee. Nimepiga hesabu ya Toyota Harrier, Nissan X-Trail, Mazda CX-5 ya dizeli na Subaru Forester, zote za 2016 hivi. Marafiki wananisukumia Harrier. Mnasemaje? – Baba wa Wanne, Mbeya

JIBU: Ndugu, hesabu vichwa kwanza. Mko sita. Harrier, CX-5 na Forester za miaka hiyo zina siti tano na mikanda mitano. Mtu wa sita hana siti, na mtoto hapakatwi. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto anavutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 10, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika. Kwa hiyo magari matatu kati ya manne uliyotaja yametoka kabla hatujafungua boneti.

Inabaki X-Trail, lakini si kila X-Trail. Toleo la T32, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 2013, lilitoka la safu mbili na la safu tatu, na hybrid yake, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ni ya siti tano tu. Kwenye tangazo tafuta idadi ya abiria, na usitume hela kabla ya kuona picha ya siti za nyuma zikiwa zimesimamishwa. Hizo siti mbili za mwisho ni za watoto. Huyo wa miaka 14 akikaa nyuma, magoti yatamfika kifuani kabla hamjaona Makambako. Na siti zote zikiwa zimesimama, buti inabaki na nafasi ya mabegi machache tu, kwa hiyo gunia la mchele la wazee litahitaji keria ya juu.

Kuna magari mawili hukuyataja. Mitsubishi Outlander iliyotoka 2012 nayo ipo ya siti saba, na safu yake ya tatu ni finyu vilevile. Mazda CX-8, iliyoanza Desemba 2017, ndiyo iliyopangwa kweli kwa watu sita au saba: ina urefu wa mita 4.9, na Mazda walipima safu ya nyuma imtoshe mtu wa sentimita 170. Bei yake iko juu, lakini kama fedha inaruhusu, ndiyo tungeichagua kwa familia yako. Sababu kubwa ni giaboksi.

Watu wengi wakilinganisha magari haya huzungumzia injini. Injini za petroli za lita 2 za Harrier, X-Trail, CX-5 na Forester hazipishani sana: zote ni za silinda nne, zote zinatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na zikipata oili safi kwa wakati zinakwenda. Panapoumiza mfuko ni kwenye giaboksi. Harrier ya lita 2 isiyo na turbo, X-Trail, Outlander na Forester zinatumia CVT, ambayo haina gia za kupanda hatua kwa hatua, bali mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. CX-5 na CX-8 zina giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia sita.

CVT si mbovu. Kwenye tambarare ni laini na inapunguza ulaji wa mafuta. Adui yake ni joto, na njia yako inapita mlima Kitonga. Ukipanda pale na watu sita, mabegi juu na AC imewashwa, huku ekseleta imekandamizwa hadi sakafuni, oili ya giaboksi inachemka, inapoteza uwezo wa kulainisha, na mkanda unaanza kuteleza kwenye puli. Kompyuta ikiona joto limezidi inapunguza nguvu ili kuikinga giaboksi. Dereva anaona gari limelegea, anakanyaga zaidi, na joto linazidi. Ukipatwa na hali hiyo, tafuta sehemu salama ya kusimama, weka P, acha injini iungurume taratibu kwa dakika kama 15, kisha endelea kwa mwendo mdogo. Kuizima papo hapo kunasimamisha mzunguko wa oili unaopooza giaboksi.

Ukiamua X-Trail, badilisha oili ya giaboksi likifika tu kutoka bandarini, kisha kila kilomita 40,000. Iwe oili ya CVT aina ya NS-3 na si nyingine. Fundi akikwambia oili ya otomatiki ya kawaida itafaa, chukua ufunguo wako uondoke, kwa sababu oili hiyo haina msuguano unaohitajika kushika mkanda wa chuma. Sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ikifunguliwa mwambie akuonyeshe sumaku zilizo ndani. Ute laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha vina maana mkanda au puli zimeanza kulika.

Jambo la mwisho kwako: mkiwa sita, ongeza upepo wa tairi kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

SWALI: Naishi Mbezi na kazi yangu iko Posta. Ni foleni asubuhi na jioni. Tuko wanne nyumbani. Nichukue Harrier ya kawaida, Harrier hybrid, au CX-5 ya dizeli ambayo nasikia haili mafuta? – Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Mama Wawili, dizeli iweke pembeni kwa matumizi yako. Ni kweli CX-5 ya dizeli, injini ya cc 2,188, inakula kidogo na ina nguvu nzuri safarini. Lakini kwenye bomba la moshi ina chujio la masizi, ambalo mafundi huliita DPF. Masizi yakijaa, gari linapulizia dizeli ya ziada kuyachoma, na kazi hiyo inahitaji mwendo usiokatika wa dakika 15 hadi 20. Kwenye foleni ya Kimara hupati mwendo huo. Zoezi linakatika katikati kila siku, chujio linaziba, na dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili ya injini. Ukikagua gari la namna hii, chomoa kijiti cha kupimia oili: juu ya alama ya F kuna alama ya X. Oili ikiwa imefika X, hiyo ni dizeli imejichanganya humo, na injini imekuwa ikizunguka na oili nyepesi isiyolinda vyuma. Mtu wa Dodoma anayekwenda Singida kila wiki ataifurahia sana CX-5 hiyo. Wewe itakutesa.

Kwa foleni, Harrier hybrid ndiyo yako. Gari likisimama injini inazima, na likisogea kidogo kidogo linatumia mota ya umeme. Hofu ya watu ni betri kubwa, na hofu hiyo ina msingi, basi ipime. Ya Harrier ya 2014 hadi 2020 ni ya nikeli, volti 244.8, imekaa chini ya siti ya nyuma, nayo inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Tundu la kuvutia hewa liko hapo hapo sitini. Nguo za watoto, mifuko na vumbi vikiliziba, betri inapata joto na seli zinakufa mapema. Kabla ya kulipa, mwambie fundi achomeke mashine ya kompyuta na asome volti za mafungu ya betri, yako 17, kila moja karibu volti 14.4. Atazame gari likiwa linaongezwa kasi, si limesimama. Fungu moja likianguka volti moja au zaidi chini ya wenzake, betri inaelekea mwisho, na bei ishuke kwa thamani ya betri nzima au uachane nalo. Baada ya kununua, safisha chujio la feni kila unapofanya sevisi. Ni kazi ya dakika 10.

Hybrid hiyo ni ya lita 2.5, kwa hiyo ushuru unabadilika. Soma jibu linalofuata.

SWALI: Kwa nini wakala ananiambia gari la cc 2,000 na la cc 2,500 ushuru ni tofauti, wakati bei ya Japani ni ile ile? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Anakwambia kweli. Chukua gari ambalo TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, wamelithamini, pamoja na usafiri na bima, kwa shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5, jumla milioni 25. Juu ya hiyo unakuja ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Ukipiga hesabu, injini ya zaidi ya cc 2,000 inakuongezea shilingi 1,475,000. Harrier ya petroli ni cc 1,986, X-Trail cc 1,997, CX-5 ya petroli ya lita 2 cc 1,997, Forester ya lita 2 cc 1,995: zote ziko upande wa nafuu. Harrier hybrid na CX-5 ya dizeli zinavuka.

Umri wa gari ndio unaouma zaidi. Likiwa na miaka 8 hadi 10 tangu kutengenezwa, kuna nyongeza ya asilimia 15. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Kwenye mfano wetu, pamoja na VAT yake, hiyo ni shilingi 4,425,000 au 8,850,000. Mara nyingi gari jipya zaidi kwa mwaka mmoja linakuwa rahisi likishafika nyumbani. Kuna tozo ndogo ndogo ambazo hatukuziweka hapa, na viwango hupitiwa kila bajeti ya Juni, basi ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kumlipa muuzaji. Kikokotoo kinatumia thamani ya TRA, hata kama wewe umenunua kwa bei ya chini.

SWALI: Nimeletewa karatasi ya mnada ya CX-5. Imeandikwa 4, halafu kwenye mchoro kuna A2, U1, W2 na XX. Ndiyo nini? – Kijana wa Arusha

JIBU: Hiyo 4 ni daraja la gari zima, na ni nzuri kwa gari la mtumba. R au RA mahali pa namba lingekuwa na maana liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Namba inaonyesha ukubwa, 1 ni kidogo. XX ni kipande kilichobadilishwa. Tazama kiko wapi. XX kwenye mlango au fenda ya mbele si ya kukimbilia hukumu. Lakini mlango wenye XX ukipakana na fenda ya nyuma yenye W2, gari lilipigwa ubavuni. Omba picha za chini ya kizingiti cha mlango upande huo.

Uliza pia saizi ya rimu. CX-5 za rimu 19 zinavaa 225/55R19, saizi ambayo madukani haipatikani kirahisi na bei yake imechangamka. Za rimu 17 zinavaa 225/65R17, sawa na X-Trail na Harrier nyingi, na ubavu wake mnene unavumilia mashimo.

SWALI: Natafuta Forester ya lita 2 isiyo na turbo. Barabara ya kwetu ni tope miezi minne. Kuna la kuogopa? – Msomaji, Nakuru, Kenya

JIBU: Kwa tope umechagua sawasawa: milimita 220 kutoka ardhini, na magurudumu yote manne yanasukuma wakati wote. Mambo mawili. Pima oili ya injini kila kilomita 1,000, maana baadhi ya injini hizi za FB20 hunywa oili, na dereva anayengoja taa iwake amechelewa. Tairi nazo zibadilishwe zote nne pamoja, saizi moja na aina moja. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, mizunguko inapishana, klachi ya kugawa nguvu inateleza muda wote hata kwenye lami, na inaungua. Dalili utaiona ukikata kona kali kwa mwendo wa taratibu, kama kwenye maegesho: gari linajikaza na kurukaruka, kana kwamba breki ya mkono imevutwa kidogo. Kisha angalia mwaka, kwa kuwa Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane.

SWALI: Nimekuta Harrier kwenye yadi ya magari. Niijaribu vipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti; ikiwa na joto, rudi siku nyingine. Washa, usikilize sekunde tano za mwanzo: mlio wa mnyororo uliolegea unasikika hapo kisha unapotea. Weka D, achia breki bila kugusa ekseleta. Gari lianze kutambaa lenyewe bila kushtuka. Endesha kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa kwa kukanyaga kidogo tu, maana mtetemo wa CVT iliyochoka hujitokeza kwenye mwendo huo. Panda mlima nalo. Likishapata joto, weka R na D kwa zamu. Likichelewa kushika zaidi ya sekunde moja, liache. Na asiondoe mtu terminali ya betri mbele yako bila sababu: redio nyingi za Toyota za Japani zikikatwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri, na hata ikifunguka, masafa yake ya FM yanaanzia 76 na stesheni nyingi za hapa hutazipata.