Barua kwa mwanangu: hesabu bureti kabla ya kulipa ada

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako, ambaye goti lake limeanza tena vituko vyake vya kila masika. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi ya hesabu, na mara ya tatu usiku umeme ulipokatika, kwa mwanga wa simu. Umeniuliza jambo moja, nalo ni hili: kati ya ile programu ya mwaka mmoja ya chuo cha Goucher, hapo Towson, Marekani, karibu na unapoishi, inayowaandaa watu wenye shahada zisizo za sayansi ili waweze kuomba nafasi ya udaktari, na yale madarasa ya jioni ya chuo kikuu cha jimbo ambayo ungeyasoma kwa miaka miwili au mitatu huku ukiendelea na kazi yako ya benki, uchague ipi, ukizingatia kwamba ile ya kwanza ada yake inapita dola 40,000 kabla hujalipa pango wala hujala. Kisha mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, ukaandika kwamba nisiguse kiinua mgongo changu.

Nitakujibu, lakini niruhusu nianzie na huo mstari wa mwisho, kwa sababu ndio ulioninyima usingizi.

Ila kabla ya hapo nikupe habari za mama yako mkubwa, ambaye anauliza mtu mwenye shahada ya uchumi anarudishwaje kusoma kemia ya kidato cha tano. Nimemweleza kwamba huko Marekani udaktari hauanzwi moja kwa moja baada ya kidato cha sita kama kwetu, ambako kijana mwenye PCB yake, yaani fizikia, kemia na biolojia, huingia Muhimbili, KCMC au Bugando akasoma miaka mitano. Huko mtu humaliza kwanza shahada yoyote, mradi awe amesoma kemia ya jumla, kemia ogania, biolojia na fizikia, kila moja mwaka mzima pamoja na maabara yake, na siku hizi vyuo vingi vinataka na baiokemia, ndipo afanye mtihani wao wa MCAT na kuomba miaka minne mingine. Nikamkumbusha kwamba wewe ulichukua EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, kwa hiyo hata hapa nyumbani wasingekupokea. Akanijibu, «Basi angechukua PCB.» Mjadala ukaishia hapo, unamjua.

Sasa nije kwenye jambo langu. Najua utacheka, kwa sababu neno hili umelisikia tangu nilipokuwa nikikutafutia shule ya sekondari na kuwauliza wakuu wa shule maswali yaliyokutia aibu: uliza maabara kwanza, ada baadaye. Umelisikia sana, lakini kisa chake sidhani kama nimewahi kukueleza chote, maana sehemu moja yake nilikuwa nikiiruka.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 27, umri usiopishana sana na wako wa sasa, na nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya. Nilitaka udaktari. Njia niliyoiona ilikuwa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Babu yako aliposikia, alipanda basi kutoka Pangani akiwa na madafu sita ndani ya gunia, akakaa kwenye kiti cha wageni nje ya wodi mpaka nilipomaliza zamu, kisha akaniambia kwamba amezungumza na mfanyabiashara mmoja pale mjini, naye yuko tayari kuchukua minazi yetu 30 rehani. Fedha hizo zingenitosha kuchukua likizo bila malipo na kukaa miaka miwili katika shule ya bweni iliyokuwa na maabara nzuri. Rehani ya minazi unaifahamu, au pengine huifahamu, maana umekulia mjini: mkopeshaji huchukua nazi kila mwangusho, shamba linabaki la mwenyewe, na siku deni linaporudishwa minazi nayo inarudi.

Nilikataa. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyevaa sare nyeupe na anayepokea mshahara wake mwenyewe, kwamba sitaki kumla mzazi wangu, kwamba nitajitegemea. Babu yako hakubishana. Alinitobolea dafu moja, akanipa, akarudi kwake.

Nilichokifanya ni kujiandikisha katika masomo ya jioni, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la saruji, kwa ada niliyoweza kuilipa bila kumwomba mtu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema na kemia aliijua. Ila bureti, ule mrija wa kioo wa maabara unaodondosha kimiminika kwa kipimo, aliichora ubaoni. Aliichora vizuri, kwa chaki za rangi, pamoja na ile chupa chini yake, akatueleza kwamba kimiminika cha manjano kitageuka kuwa cha pinki, na sisi tukakariri manjano na pinki kama watoto wa chuoni wanavyokariri juzuu. Siku ya mtihani wa vitendo niliingia katika maabara ya shule ya sekondari ya watu, nikakutana na bureti yenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikujua hata bomba lake linafunguliwa kwa upande gani. Nilipovuta pipeti, ule mrija wa kunyonyea kipimo cha dawa, kwa mdomo, kama ilivyokuwa desturi wakati ule, nilivuta kupita alama, dawa ikanifika ulimini, ikawa inateleza kama povu la sabuni, na nikaona haya kutema mbele ya msimamizi. Nikaimeza kidogo. Kisha nikafungua bureti, na ile rangi ikaruka kutoka manjano hadi pinki kabla sijaliona lile tone la katikati linalopaswa kuhesabiwa. Binti aliyekuwa jirani yangu alipata majibu matatu yaliyofanana. Mimi nilipata 22, 27 na 31. Namba hizo ninazikumbuka kuliko namba ya kitambulisho changu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata C ya biolojia, S ya fizikia na F ya kemia. Babu yako, ambaye maandishi aliyoyajua yalikuwa ya Kiarabu tu, aliniomba nimwonyeshe hiyo herufi, akaitazama kwa muda, kisha akasema, «Ile minazi bado ipo.» Hapo ndipo pale ninaporuka kila nikisimulia. Nilikataa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na kiburi. Mara ya pili nilikuwa na aibu, na matokeo yake yalikuwa yale yale. Mwaka uliofuata minazi ile iliwekwa rehani kwa ajili ya arusi ya mjomba wako, watu wakala pilau siku tatu, na mpaka leo mkwezi anayepanda pale hatumwi na sisi.

Lakini nami nijijibishe mwenyewe, maana najua baba yako angenijibisha. Huenda ningeweka minazi rehani nikaenda bweni na bado nikafeli, na babu yako akafa bila nazi za kuungia mchuzi. Na lau ningefaulu, nisingekuwa zamu ile usiku wa mwaka 1994 baba yako alipomleta dada yake kujifungua, akakaa kwenye kiti kile kile cha babu yako na kuniuliza kila baada ya nusu saa kama kuna habari. Kwa hiyo hata kujuta siwezi kujuta kikamilifu. Kila nikianza, nakuona wewe.

Vilevile sitaki ulinganishe madarasa yako ya jioni na chumba changu cha nyuma ya duka la saruji. Chuo kikuu cha jimbo kina maabara, tena pengine kubwa kuliko za Goucher. Nilipofika hapo katika hesabu zangu niliona neno langu la miaka yote linayumba, na nikaweka kalamu chini. Kisha nikajiuliza: mimi nilikosa nini hasa pale? Bureti, ndiyo, lakini zaidi ya bureti nilikosa mtu wa kuniambia kwamba kuna kitu sikijui. Programu hizi kongwe, kama ile ya Chuo Kikuu cha Columbia iliyoanza mwaka 1955 na ile ya chuo cha Bryn Mawr ya mwaka 1972, zina mshauri anayejua lini uombe, nani akuandikie barua, na zina mapatano na baadhi ya vyuo vya udaktari yanayomwezesha mwanafunzi bora kuingia moja kwa moja bila kupoteza mwaka mzima akisubiri majibu ya maombi. Mwaka mmoja wa mshahara wa daktari nao ni fedha. Kwa upande wa pili, mwaka ule ni mkali: kemia, fizikia na biolojia zinakujia kwa pamoja, kazi utaacha, na alama mbaya ikiandikwa itakufuata katika kila ombi, sawasawa na itakavyokufuata ukiipata jioni ukiwa umechoka. Na uchovu huo ninaujua. Nilisoma fizikia baada ya zamu ya usiku, nikaamka uso ukiwa juu ya kitabu.

Lile wazo lako la tatu, la kuonja kwanza somo moja moja pale Montgomery College, kile chuo cha jamii, kwa sababu ni nafuu, lina mtego. Programu za aina ya Goucher na Bryn Mawr huwataka watu ambao hawajasoma sehemu kubwa ya masomo hayo. Ukionja sana, utakuwa umejifungia mlango. Waulize wenyewe kabla hujalipia hata somo moja.

Sasa fedha. Mkopo wa serikali ya shirikisho kwa masomo ya maandalizi, ambao wewe mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, unaruhusiwa, ni wa miezi 12 mfululizo tu, na kwa mtu anayejitegemea mwisho wake ni dola 12,500. Hapo nikaona kwamba mkopo wenyewe una upande: mwaka mmoja wa Goucher unaingia wote ndani ya miezi hiyo 12, lakini miaka mitatu ya jioni inabaki na miwili isiyo na msaada, ingawa kwa jioni mshahara wako unaendelea. Ukijumlisha hizo 12,500 na akiba yako ya dola 15,000 unapata 27,500. Kiinua mgongo changu kilichobaki ni shilingi milioni 20, na dola kwa shilingi 2,500 hazizidi 8,000. Jumla 35,500. Bado ada haijatimia, na pango halijaguswa, labda ukubali chumba cha mama yako mdogo kule Silver Spring na ule mwendo wa saa nzima asubuhi.

Kinachobaki ungekikopa kwa benki za watu binafsi, na hapo ndipo ninapoogopa. Rehani ya babu yako ilikuwa na adabu moja: mwaka wa ukame mnazi usipozaa, mkopeshaji alisubiri kama wewe unavyosubiri. Riba hailali na haijui ukame. Tena deni hilo litakuwa limetangulia tu, maana kwa sheria iliyopitishwa huko mwaka 2025, wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026 watapata kwa masomo ya udaktari mkopo wa serikali usiozidi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule mkopo wa zamani uliokuwa ukifunika gharama yote umefungwa kwao. Nimesikia pia habari za chuo cha udaktari cha Albert Einstein kule Bronx, New York, waliofuta ada mwaka 2024 kwa zawadi ya mama mmoja ya dola bilioni moja, na kile cha Chuo Kikuu cha New York (NYU) kabla yao mwaka 2018. Ziombe zote mbili, ila usizitie kwenye hesabu.

Unataka nikuambie uchague ipi. Nimeiandika sentensi hiyo na kuikata, nikaiandika tena na kuikata tena. Ukiishika karatasi hii kwenye mwanga utaona mahali kalamu ilipochimba. Mwenye kukaa na deni hilo usiku ni wewe, na mimi niliyekataa minazi mara mbili sina haki ya kumwambia mtu apokee, wala ya kumwambia akatae. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaamua, uende huko kwenye madarasa ya jioni siku ya maabara, siyo siku ya mhadhara, ukae nyuma na uhesabu ni wanafunzi wangapi kwa bureti moja, na umuulize mmoja wa wanafunzi hao, siyo mwalimu, ni nani anayemwambia la kufanya asipojua la kuuliza. Kisha uende Towson ukafanye vivyo hivyo.

Kuhusu kile kiinua mgongo, kipo palepale kilipokuwa. Nimekusikia uliposema nisikiguse, na sijakigusa. Sikuahidi kwamba sitakigusa. Nijibu kwanza habari ya bureti. Ya fedha tutazungumza Jumapili, baba yako akiwa msikitini.

Wako akupendaye,
Mama